Kuusoma Mfupa wa Mtu Aliye Hai

Katika matawi yote ya tiba, tawi la mifupa ndilo lililodumu zaidi likitegemea vidole vya tabibu badala ya macho yake, kwa kuwa mfupa wa mtu aliye hai umesitiriwa na ngozi, nyama na mishipa, na aliyetaka kuuona hakuwa na njia ila mbili, ama aingojee maiti, ama atumie kisu, ilhali kisu katika zama ambazo hapakuwa na ganzi wala dawa ya kuzuia usaha kiliua wengi kuliko kilivyoponya. Kwa hiyo fundi wa kuunga mifupa wa pwani yetu, alipoletewa mtu aliyeanguka kutoka mnazini, aliupapasa mguu ule taratibu, akaulinganisha na mwenziwe mzima, akausikia kwa ncha za vidole ule mkwaruzo wa mfupa usuguao mfupa, kisha akauvuta, akauweka sawa, akaufunga kwa mabanzi na kitambaa, na yaliyobaki akamwachia Mola. Ilikuwa elimu, na elimu yenye nasaba ndefu. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mnamo mwaka 1013, aliigawa makala ya 30 ya kitabu chake kikubwa Al-Tasrif, ambayo ndiyo makala ya upasuaji, katika milango mitatu, na mlango wa tatu wote akaufanya wa kuvunjika kwa mifupa na kuteguka kwa viungo. Hata hivyo, yeye, na fundi wa pwani, na daktari wa Ulaya wa karne ya 19 aliyevaa koti refu na kubeba shahada ya chuo kikuu, walikuwa sawa katika udhaifu mmoja, yaani lililotokea ndani ya kiungo, katika nyonga au katika kifundo cha mguu, ambako uvimbe hufunika kila alama, walilikisia tu.

Sitara hiyo ilifunuliwa jioni ya tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, pale Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia, alipoona kwamba karatasi iliyopakwa chumvi ya bariamu inang'aa gizani kila apitishapo umeme katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ingawa chupa yenyewe alikuwa ameifunika kwa karatasi nene nyeusi isiyopitisha mwanga wowote ujulikanao. Akajifungia katika maabara kwa majuma kadhaa, na tarehe 22 Desemba akaulaza mkono wa mkewe, Anna Bertha, juu ya kibao cha kupigia picha kwa muda wa dakika 15 hivi, ikatoka picha ya vidole visivyo na nyama, na pete ikielea katika kidole kimoja. Taarifa yake aliikabidhi kwa jumuiya ya wanachuoni wa mji huo tarehe 28 Desemba, na kabla ya majuma mawili ya mwaka mpya kumalizika habari zilikuwa zimekwisha kuenea Ulaya nzima. Hakuomba hataza ya uvumbuzi wake, wala hakutoza mtu ushuru kwa kuutumia, na mwaka 1901, alipopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kupata kutolewa, fedha zake alikipa chuo kikuu cha Würzburg.

Aghalabu wasimulizi huishia hapa, kana kwamba siku ile mkono ulipoonekana maradhi yote ya mifupa nayo yalijifichua. Mimi nina maoni mengine. Picha ilipatikana katika msimu mmoja wa baridi, bali elimu ya kuisoma imechukua zaidi ya nusu karne, na walioijenga hawakupewa hata robo ya sifa aliyopewa mwenye chupa, ingawa bila ya wao chupa ile ingebaki kuwa kiini macho cha maonyesho. Tangu enzi za kale mifupa iliyojulikana ilikuwa mifupa ya wafu, iliyokaushwa na kupangwa rafuni, na aghalabu ya watu wazima. Mfupa wa mtoto anayekua, au wa mzee anayetembea nao kwa maumivu, hakuna aliyekuwa na kielelezo chake, na tabibu aliyekabidhiwa picha yake alikuwa kama mtu aliyepewa waraka wa hati asiyoijua.

Miezi ya mwanzo haikudai usomaji mwingi, kwa kuwa maswali yenyewe yalikuwa mepesi. Tarehe 11 Januari 1896 huko Birmingham, John Hall-Edwards alipiga picha mkono wenye sindano iliyozama ndani. Tarehe 3 Februari, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, mvulana aliyeanguka akicheza juu ya barafu alipigwa picha ya mkono kwa muda wa dakika 20, ukaonekana mfupa uliovunjika karibu na kifundo. Sindano ipo au haipo. Mfupa umekatika au haukukatika. Na swali jepesi kuliko yote ni lile la risasi, ndiyo maana vita vilikuwa shule ya kwanza ya eksirei, yaani mionzi hiyo ya Röntgen, na shule hiyo, jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, ilipata wanafunzi wake wa mwanzo kutoka katika vita vya Afrika.

Tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya mfalme Menelik wa Uhabeshi yaliwashinda Wataliano huko Adwa, ushindi ambao habari zake zilitikisa dunia, na majeruhi wa Kitaliano waliorudishwa kwao walipokelewa katika hospitali ya jeshi ya Naples, ambako daktari mmoja wa jeshi, Giuseppe Alvaro, aliwapiga picha ili kuzitafuta risasi katika mikono yao. Hivyo basi, miongoni mwa mifupa ya askari iliyotangulia kupigwa picha hiyo duniani, imo iliyovunjwa na bunduki za Wahabeshi. Mwaka uliofuata, 1897, dola ya Uthmaniya ilipopigana na Uyunani, kijana aitwaye Esad Feyzi, aliyekuwa angali mwanafunzi wa udaktari mjini Istanbul na ambaye tangu mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu mionzi hiyo kwa vyombo vilivyokuwako chuoni, aliwapiga picha majeruhi katika hospitali ya Yıldız, kisha mwaka 1898 akaandika kitabu kizima cha Kituruki juu ya mionzi ya Röntgen na matumizi yake katika tiba na upasuaji. Alifariki mwaka 1901, hajafika miaka 30. Wanaodhani kwamba elimu hii ililetwa kwa Waislamu ikiwa tayari imepikwa na kupakuliwa na wasome habari za kijana huyo.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha mto Nili. Mwaka 1898, jeshi la Waingereza na Wamisri lilipopanda kwenda Omdurman, Sudan, kupigana na jeshi la Khalifa aliyeitawala nchi hiyo, daktari wa jeshi aitwaye John Battersby aliweka chombo chake cha eksirei Abadieh, kituo kilicho kandokando ya mto huo, kaskazini ya Berber. Vyombo vya zama zile vilikuwa dhaifu mno, chupa za kioo, betri za maji makali, na koili za waya zilizofunikwa kwa nta na mpira, vitu ambavyo havipatani na joto la nchi ile, ambapo kivulini kipimo huvuka nyuzi 40 za sentigredi, wala na mchanga uingiao katika kila ufa. Battersby aliyavika makasha yake kitambaa kizito cha sufu na kuamuru kitiwe maji kila wakati ili kipoe, na kwa kuwa betri hazina budi kujazwa umeme na jangwani hapakuwa na mtambo, alichukua baiskeli ya kupandwa na watu wawili, akaiinua gurudumu la nyuma, akalifunga mkanda ukalizungusha dainamo, na askari wakakaa wakikanyaga pasipo kwenda popote. Vita vilipigwa tarehe 2 Septemba. Majeruhi 121 wa Kiingereza waliletwa Abadieh, na kati yao walikuwapo 21 ambao risasi ndani ya miili yao haikuweza kupatikana, wala kutokuwapo kwake kuthibitika, kwa njia za kawaida. Kwa mionzi, jawabu la hakika lilipatikana kwa 20. Hesabu hiyo ilisomwa mbele ya wataalamu wa London na kusifiwa kwa haki. Majeruhi wa Khalifa, walioanguka siku ile kwa maelfu, hawamo ndani yake, kwa sababu hakuna aliyewapeleka Abadieh.

Mwaka 1896 haujaisha, picha ya mfupa ilikuwa imekwisha kuingia mahakamani pia. Huko Denver, Marekani, kijana aliyekuwa akisomea sheria alianguka kutoka katika ngazi akipogoa mti, akaumia nyonga, na daktari wake akamwambia kwamba hakuna kilichovunjika. Miezi ikapita, kijana akachechemea, akamshitaki. Mawakili wa daktari walipinga picha ya eksirei isipokewe, kwa hoja ambayo si ya kipuuzi hata kidogo, kwamba picha ya kawaida huthibitishwa na shahidi aliyekiona kitu chenyewe kwa macho yake, na hapa hakuna mwanadamu aliyeuona mfupa ule. Jaji Owen LeFevre, mwezi Desemba 1896, aliikubali. Tangu siku hiyo tabibu hakuweza tena kujikinga nyuma ya uvimbe, na mshitaki naye akapata silaha ambayo pengine ilikata visivyostahili, maana mfupa ulioungana vizuri kwa matumizi, lakini ukaonekana umepinda pichani, ulimtia aibu fundi mwema mbele ya watu wasiojua kwamba mwili hausamehe sawasawa na jicho.

Hapo ndipo ugumu wa kusoma ulipodhihiri. Mfupa wa mtoto haukamiliki kuwa mfupa kwa mara moja. Karibu na ncha zake lipo tabaka la gegedu ambalo ndilo mahali pa kukulia, na gegedu, kwa kuwa haina chokaa ya kuzuia mionzi, haionekani pichani, bali huacha mstari mwembamba uliokata mfupa pande mbili, na tabibu asiyejua aliweza kuapa kwamba mtoto yule amevunjika. Dawa ya ujinga huo haikuwa chombo kipya, ilikuwa ni kukusanya picha za watoto wazima wasio na maradhi, umri kwa umri, kazi isiyo na msisimko wowote. John Poland, mpasuaji wa London, alitoa mwaka 1898 atlasi ya picha za mkono na kifundo chake, ikionyesha namna vijifupa vinavyojitokeza mwaka baada ya mwaka. Na mwaka 1910 Alban Köhler wa Wiesbaden, Ujerumani, alitoa kitabu ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye hekima kuliko vyote vya zama zake, kwa kuwa hakikueleza maradhi, kilieleza mipaka ya uzima, yaani ni tofauti zipi za mfupa zilizo za maumbile tu na ni wapi ugonjwa unapoanzia. Kitabu kile kilichapishwa tena na tena kwa miongo mingi baada ya hapo.

Matunda yake yaonekane katika nyonga ya mtoto. Kabla ya eksirei, mtoto aliyeanza kuchechemea pasipo kuanguka, akalalamika paja na goti, alihesabiwa kuwa na kifua kikuu cha nyonga, akalazwa miezi mingi, pengine miaka, mguu ukivutwa kwa mawe ya mizani. Na kweli kifua kikuu cha mifupa kilikuwa kimeenea, kikiwapinda watoto migongo na kuyala magoti yao. Mwaka 1909 Henning Waldenström wa Uswidi alieleza namna ya ugonjwa wa nyonga usio mkali kama mwingine, akaudhania bado kuwa ni kifua kikuu kilicho kipole. Mwaka uliofuata watu watatu, Arthur Legg wa Boston, Jacques Calvé wa Berck katika pwani ya kaskazini ya Ufaransa, na Georg Perthes wa Tübingen, kila mmoja kwa upande wake, walitambua kwamba ni maradhi mengine kabisa. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kilicho mviringo na kuzunguka ndani ya nyonga, hukosa damu, hufa, hubonyea, kisha polepole hujijenga upya, hakuna usaha wala vijidudu. Picha walizozisoma watu hao zilikuwa zikipigwa kila mahali kwa zaidi ya miaka kumi. Waliokuwa wakizitazama waliona kifua kikuu kwa sababu kifua kikuu ndicho walichokuja kukitafuta.

Elimu hiyo ilinunuliwa kwa viungo vya watu. Mafundi wa mwanzo, ili wajue kama chupa imepata nguvu ya kutosha, walitia mikono yao wenyewe mbele yake wakaitazama mifupa, asubuhi na jioni, na ngozi ikababuka, ikatoa vidonda, vidonda vikageuka saratani. Hall-Edwards, yule wa sindano ya Birmingham, ambaye baadaye alikwenda na chombo chake katika vita vya Makaburu vya Afrika Kusini, alikatwa mkono wa kushoto mwaka 1908. Katika bustani ya hospitali ya St. Georg mjini Hamburg ulisimamishwa mwaka 1936 mnara wa ukumbusho wenye majina 169 ya madaktari, wanafizikia, mafundi na wauguzi wa mataifa mbalimbali waliouawa na mionzi, na majina yakazidi kuongezwa. Mwaka 1913 William Coolidge wa Marekani alitengeneza chupa ambayo nguvu yake hupimwa kwa saa ya umeme badala ya mkono wa fundi. Na katika Vita Vikuu vya Kwanza, Marie Curie aliandaa magari 20 ya eksirei na vyumba 200 vya kudumu nyuma ya mistari ya mapigano ya Ufaransa. Pamoja na hayo yote, maduka ya viatu ya Ulaya na Marekani yaliendelea hata kupita mwaka 1950 kuwasimamisha watoto juu ya kisanduku cha eksirei ili wazazi waone vidole ndani ya kiatu. Biashara haisomi minara.

Viungo vilikuwa na inda kuliko mifupa. Mtu akitazama picha ya goti huona mwanya kati ya mfupa wa paja na muundi, na mwanya huo si mwanya, ni gegedu isiyoonekana. Kwa hiyo msomaji wa maradhi ya viungo hukadiria asichokiona kwa umbali wa anavyoviona, akisema kwamba mwanya umepungua, basi gegedu imelika. Kwa msingi huo Jonas Kellgren na John Lawrence wa Manchester walipanga mwaka 1957 daraja za kulika kwa viungo, kuanzia sifuri mpaka nne, kwa kuangalia wembamba wa mwanya, miiba ya mfupa itokeayo pembeni, ugumu wa mfupa ulio chini ya gegedu, na kuharibika kwa umbo. Mpango huo ungali ukitumika kote, na wale ambao watu wetu huwaita wagonjwa wa baridi yabisi hupewa daraja zao kwa kipimo hicho. Lakini kila daktari wa mifupa aliyekaa kazini huweza kukuonyesha ajuza mwenye goti la daraja la nne anayepanda ngazi na ndoo kichwani, na kijana wa daraja la sifuri asiyelala kwa maumivu. Kwa watoto wachanga hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa nyonga yao katika miezi ya mwanzo karibu yote ni gegedu, na picha ya eksirei haina la kusema. Mpaka mwaka 1980 Reinhard Graf, daktari wa Austria, alipoonyesha kwamba mawimbi ya sauti, ambayo hayadhuru mtoto, huweza kuionyesha nyonga iliyochomoka kabla mtoto hajasimama.

Eksirei ilikuwa na kasoro nyingine ya asili, kwamba hubandika kila kitu juu ya kingine, mbele na nyuma, katika bapa moja, hivyo kwamba mvunjiko wa kikombe cha nyonga au wa pingili ya uti wa mgongo hupotea chini ya vivuli vya mifupa mingine. Aliyeifungua njia ya kuvitenganisha vivuli hivyo alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, jina lake Allan Cormack. Alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Cape Town, na katika nusu ya kwanza ya mwaka 1956, kwa kuwa sheria ilidai hospitali ya Groote Schuur iwe na mwanafizikia wa kusimamia vitu vyenye mionzi, naye ndiye aliyepatikana karibu, alikwenda huko siku moja na nusu kila juma. Akiwatazama wataalamu wakipanga matibabu ya mionzi kana kwamba mwili wote una uzito mmoja, alijiuliza kama yawezekana, kwa kupima mionzi ikipita kutoka kila upande, kuhesabu kilichomo ndani ya kipande kimoja cha mwili. Alijaribu kwa gogo la aluminiamu lililozungushiwa mbao, hesabu zikakubali, akazichapisha mwaka 1963 na 1964. Hakuna aliyeshtuka. Miongoni mwa barua chache zilizomwomba nakala ilikuwamo moja ya taasisi ya Uswisi ishughulikayo na maporomoko ya theluji. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, asiyejua habari zake, alitengeneza chombo chenyewe cha kupiga picha kwa njia hiyo, na mgonjwa wa kwanza akapimwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

MRI iliyofuata, iliyoasisiwa na Paul Lauterbur mwaka 1973 na kukuzwa na Peter Mansfield, haitumii mionzi ya Röntgen, hutumia sumaku na haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili, na kwa hiyo huonyesha hasa kile kilichokuwa kikifichika, yaani gegedu, kano za goti, na uboho ndani ya mfupa. Kwa sababu haina mionzi, yaweza kutumiwa hata kwa kijana mzima asiyeumwa, na matumizi hayo ndiyo yaliyoirudisha katika bara letu ile kazi ya zamani ya John Poland.

Maana atlasi zilikuwa zimeendelea. Iliyo mashuhuri kuliko zote, ya William Greulich na Idell Pyle, iliyotolewa mwaka 1950 na kurekebishwa mwaka 1959, ilijengwa kwa picha za watoto wa Cleveland, Marekani, wenye asili ya Ulaya, wa nyumba zenye uwezo na chakula cha kutosha, na mikono ya watoto hao ikafanywa mizani ya kupimia umri wa mikono ya watoto wa dunia nzima, wa Tanga na wa Kigali, waliolishwa na walioshinda na njaa, wahamiaji wasio na vyeti na wachezaji wa mpira. Mwaka 2009, Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 lilipochezwa Nigeria, FIFA ilitumia kwa mara ya kwanza picha za MRI za kifundo cha mkono, ikitazama kama ule mstari wa gegedu umekwisha kuziba kabisa, dalili ya kuwa mwenye mkono yumkini amevuka umri, na baadhi ya vijana waliondolewa kikosini kabla ya mashindano kuanza. Kipimo hicho hakikutokana na Cleveland. Kilitokana na wachezaji vijana wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina. Ni hatua kubwa ya uadilifu. Hata hivyo, katika nchi hizo nne hamna hata moja ya kusini ya Sahara, na atlasi ya mifupa ya watoto wetu, iliyokusanywa umri kwa umri kwa subira ya Poland na kwa hadhari ya Köhler, ingali ikingoja mtu wa kuikusanya.